Mtoto wa Kufichwa

Kambi ya Menoskat
Ziwa Pelkey, Maine
3 Februari 1974

Mdogo wangu Irwin,

Sisi huku theluji imetufunika mpaka madirishani lakini tu wazima, wasiwasi wetu ni nyinyi na hilo jangwa lenu. Lorraine anaendeleaje na ujauzito? Mwambie asinyanyue vitu vizito, wewe upo.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu iko ofisini, na ofisini ndiko Baba anakoshinda kutwa, kando ya jiko la kuni. Ukipiga anapokea yeye, mnacheka, mnaagana, mimi naambulia kuambiwa kwamba umenisalimia.

Agosti hii kambi yetu ya watoto inatimiza miaka hamsini. Wazee waliolala kwenye vibanda vyetu enzi za Babu Osher wameanza kuandika kuuliza kuna nini. Nimewaahidi sherehe, na nimewaahidi kijitabu cha historia ya kambi. Kijitabu utakiandika wewe. Usianze kulalamika. Mwalimu wa historia katika ukoo huu ni wewe, mimi kazi yangu ni kuagiza viazi na kuzibua vyoo. Mwandikie Baba akusimulie ya zamani. Kwa ya zamani hana mpinzani.

Kwa ya sasa, amezeeka kidogo. Gari nimemzuia kuendesha, kwa sababu ya macho.

Je, ungeweza kuja mwezi wa sita, watoto wanapoingia? Si lazima. Nimeuliza tu.

Dada yako,
Rhoda


Tucson, Arizona
17 Februari 1974

Dada Rhoda,

Barua yako imefika na doa kubwa ambalo naomba Mungu liwe la kahawa. Hapa hatujambo. Lorraine ananenepa, mimi nanenepa kwa kumuunga mkono.

Mwezi wa sita hautawezekana. Mtoto anatarajiwa mwanzoni mwa Julai, nikiondoka nitakuta kufuli zimebadilishwa. Agosti tutakuja sote watatu, hilo lihesabu.

Kijitabu nimekubali, na Baba nimeshamwandikia. Ila hilo la gari umemwonea. Mtu macho yakipungua ananunuliwa miwani. Wewe ukiendelea kumnyang'anya vitu utamzeesha kwa nguvu, mzee wa watu.

Ndugu yako,
Irwin


Kambi ya Menoskat
2 Machi 1974

Mwanangu Irwin,

Nimefurahi sana kuulizwa. Siku hizi hapa naulizwa kama nimekunywa dawa.

Andika hivi. Babu yako Osher Lifschutz alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo Philadelphia. Kila kiangazi aliwaona watoto wa mtaa wetu wamelala nje kwenye ngazi za chuma kwa ajili ya joto, wamejipanga kama nguo za kuanikwa. Akakodi shamba la Mfaransa mmoja huku kwenye ziwa, akawaleta wavulana tisa kwa treni, na mimi wa kumi, kijana wa miaka ishirini, nikiwa mlezi, mpishi na mchimba vyoo. Mama yake alimwambia Wayahudi hawalali mwituni kwa hiari yao. Yeye akamjibu kwamba sasa watalala.

Wazazi wakikuuliza maana ya jina Menoskat, tunawaambia ni lugha ya wenyeji wa asili wa huku, maana yake maji yenye subira. Hakuna neno kama hilo. Babu yako alilitunga ndani ya treni, kwa sababu kila kambi ilikuwa na jina la namna hiyo na hakuna ambaye angempeleka mwanawe kwenye Kambi ya Lifschutz. Hili usiliandike.

Andika la zoezi. Mwaka wa 1931 mtoto mmoja, Seymour, alikosekana wakati wa kuhesabiana. Tuliingia majini wote, tumeshikana mikono, tukayapapasa maji kwa miguu kuanzia gatini mpaka kwenye matete. Seymour alikuwa amelala chini ya mtumbwi uliofunikwa. Babu yako hakumpiga. Alitupiga sisi kwa maneno, kwamba tulichelewa. Tangu hapo, kila wiki ya kwanza ya msimu, mtoto mmoja hufichwa na kengele hupigwa, ili walezi wajifunze kukimbia. Anayejua alipo ni mkuu wa kambi peke yake, hata mke wake haambiwi, maana watu wakijua ni mchezo watatembea. Mtoto anachaguliwa kwa makini, awe mtu wa kutunza ahadi. Anapewa bakuli zima la aiskrimu, anaambiwa: watakuita kwa jina, watakuita hata kwa kilio, usitoke mpaka nije mimi mwenyewe. Hajatokea mtoto aliyevunja. Na kila mtoto hapa anaomba awe yeye.

Wewe nilikuficha mwaka ule vita vilipokwisha. Ulikaa kimya kama mtu mzima. Siku ile nilijua kambi hii nitakuachia nani.

Baba yako,
Emanuel


Tucson
28 Machi 1974

Dada Rhoda,

Baba ananiandikia vizuri kuliko wanafunzi wangu wote. Nimepata barua tatu sasa. Ya pili ni karibu sawa na ya kwanza, ila wavulana tisa wamekuwa kumi na wanne na treni imekuwa lori. Ya tatu lori limekwama kwenye tope na yeye ndiye aliyelitoa. Mzee anatia chumvi, na chumvi yake ni tamu.

Tena anasema alinificha mimi kwenye zoezi mwaka vita vilipokwisha. Mimi mwaka ule nilikuwa na surua, nilikuwa kitandani natazama dari. Aliyefichwa si wewe? Nakumbuka ulirudi unanuka vumbi la mbao, ukaringa wiki nzima.

Irwin


Kambi ya Menoskat
21 Aprili 1974

Irwin,

Ndiyo, ni mimi niliyefichwa. Nilikuwa na miaka kumi na tano, nimepita umri, nilimbembeleza msimu mzima. Basi heshima hiyo nayo kapewa mwanamume.

Sasa nisikilize, na barua hii usimsomee Lorraine, nisije nikamtia presha. Barua ulizopata ni chache. Anaandika kila siku, na kila barua inaanza na Babu Osher na ngazi za chuma. Nyingine zote ninazo mimi, sikuzituma. Nilikuwa namficha kwako, na sijui hata kwa nini. Nadhani nilitaka abaki na mtu mmoja wa kumfurahia.

Gari sikumzuia kwa ajili ya macho. Mwezi wa kumi na moja alikwenda kununua misumari, akapatikana jimbo jingine, amekaa kwenye mkahawa anawaeleza watu kwamba anasubiri watoto wa treni. Mwezi wa tatu nilimkuta juu ya barafu katikati ya ziwa, na ndara, anamwita Mama aje kula. Mama ana miaka mitano kaburini. Mimi mwenyewe siku nyingine ni Blanche, nikimkumbusha anakasirika, kwa hiyo nimekuwa mke wa baba yangu kwenye chakula cha jioni. Daktari amemtazama, akanitazama mimi kwa huruma zaidi.

Siku nyingine amekamilika, anakumbuka mpaka bei ya unga mwaka wa vita. Hizo ndizo siku mbaya kwangu, kwa sababu najiona mchawi.

Nimemwambia mwaka huu awe babu wa kambi, akae barazani asalimie wageni, filimbi na kengele aniachie. Aliniuliza, "Irwin anasemaje?" Miaka ishirini naendesha kambi hii, Irwin, na bado anakusubiri kama mtu aliyetoka kidogo kwenda chooni.

Mwandikie wewe. Mistari miwili inatosha. Mwambie umeamua Rhoda ashike mambo ya majini. Kutoka kwako atakubali, kutoka kwangu hakubali hata nikipiga magoti.

Rhoda


Tucson
9 Mei 1974

Dada yangu,

Nimesoma barua yako nikaenda kukaa kwenye gari. Pole. Sikujua, na nina hasira kwamba sikujua, na najua pia kwamba sikuuliza.

Nimejaribu kuandika hiyo mistari miwili. Nimeshaichana mara nyingi mpaka Lorraine akaniuliza kama nina mwanamke mwingine. Kila nikiandika namwona anaisoma peke yake ofisini kando ya jiko, mtu aliyebeba mbao za kila kibanda kwa bega lake. Siwezi kumvua cheo mtu kama huyo kwa stempu.

Naomba hivi. Mwache aimalize miaka hamsini. Nusu ya wazazi wanawaleta watoto kwa sababu yake, kwa sababu wao wenyewe walikuwa wakimwita Mjomba Manny. Agosti, sherehe ikiisha, nitakaa naye nimwambie uso kwa uso, wewe ukiwa pembeni. Nakuapia. Kwa sasa usimwache peke yake, na zoezi la mwaka huu lifute kabisa.

Irwin


Kambi ya Menoskat
30 Mei 1974

Irwin,

Haya, tufanye utakavyo, kama kawaida ya nyumba hii.

La zoezi nimeongea naye siku yake nzuri. Nilimwambia mwaka huu tusiliweke. Alifikiri, akakubali, tukapeana mikono. Watoto wanaingia mwishoni mwa mwezi ujao. Nitakuwa kivuli chake.

Sitakuomba tena.

Rhoda


Tucson
4 Julai 1974

Baba na dada Rhoda,

Ni msichana. Amezaliwa juzi Jumanne mchana, ana nywele nyingi na sauti ya mnadi. Tumempa jina Blanche. Lorraine mzima, kachoka. Mimi sijui niishike wapi furaha hii.

Nilipiga simu kambini Jumanne kutwa nzima, laini haikupatikana hata mara moja. Nikapiga Jumatano, vilevile. Mnaongea na nani nyinyi? Baba, kata simu upokee mjukuu.

Irwin


Kambi ya Menoskat
7 Julai 1974

Irwin,

Hongera ya mtoto, na ahsante kwa jina la Mama. Ningekuwa mtu ningelia kwa furaha. Nisamehe, nitaandika ya huku, soma ukiwa umekaa.

Jumanne hiyo baada ya chakula cha mchana kengele ililia. Walezi wakateremka mbio ziwani huku wanacheka, maana nani asiyejua kwamba kengele ya wiki ya kwanza ni zoezi. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimemwacha kitandani mwake anasinzia, nikaenda jikoni mara moja kuamua ugomvi wa nyama.

Tulihesabu watoto uwanjani, akakosekana mmoja, Thea Wexelman, ana miaka minane, katoka Hartford. Dada yake Joan yuko kibanda cha pili. Nikamkimbilia Baba. Alikuwa anashuka mlima taratibu. Nikamuuliza, "Baba, umemficha wapi?"

"Nimemficha nani?"

"Thea, Baba. Yule mdogo aliyesuka nywele mikia miwili."

Akaniangalia kwa mshangao wa kweli, akasema, "Rhoda, mimi na wewe tulikubaliana mwaka huu hakuna zoezi. Tulipeana mikono." Ninakuandikia maneno yake kama yalivyo. Alinitaja kwa jina langu. Alikumbuka makubaliano, alikumbuka na mkono. Angebabaika kidogo tu ningemtilia shaka, lakini alikuwa mzima kuliko mimi. Nikamuuliza sasa kengele kapiga nani. Akasema amepiga yeye, kwa kuwa amesikia mtoto amepotea.

Basi nikamwamini. Nikawaambia walezi waache kucheka.

Waliingia majini wameshikana mikono, na Baba akaingia nao, na viatu vyake, na suruali. Alikaa mwisho wa mstari, upande wa kina, kwa sababu ya urefu wake. Midomo ikawa bluu. Nilimwomba atoke, akaniambia mtoto wa watu yuko humu. Alikuwa anaita, "Thea, mwanangu, itika," mpaka sauti ikakauka. Joan amesimama gatini anapiga kelele jina la mdogo wake. Polisi wakaja, wakaja na wapiga mbizi na ndoano zao. Simu ilikuwa mkononi mwangu tangu hapo, kwa hiyo sasa unajua tulikuwa tunaongea na nani. Niliwapigia wazazi. Mama yake hakulia. Aliniuliza alikuwa amevaa nguo gani.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama mpishi wetu, Bibi Thibodeau, alipokwenda kutafuta taa kwenye nyumba ya zamani ya kuhifadhia barafu. Akamkuta Thea nyuma ya makasia, amekaa kwenye vumbi la mbao, bakuli la aiskrimu kalilamba likang'aa. Amejikojolea. Bibi Thibodeau akamvuta mkono, mtoto akakataa. Anasema hawezi kutoka mpaka Mjomba Manny aje mwenyewe. Alikuwa amesikia kila kitu, Irwin. Alisikia kengele, alisikia wanaume, alisikia dada yake analia. Alishaambiwa kwamba watamwita hata kwa kilio.

Ikabidi tumlete Baba mlangoni. Alisimama pale maji yanamchuruzika. Thea akamtazama, akamuuliza, "Nimeweza?"

Baba akamwambia, "Umeweza nini, mwanangu?"

Nilikuwepo. Nilimwona uso. Hakuwa anaficha chochote, alikuwa anauliza.

Wazazi walifika usiku, wameendesha njia nzima wakijua wanakuja kuchukua maiti. Niliwaambia ukweli wote wa Baba. Bwana Wexelman hakunitukana. Aliniuliza nilijua hali yake tangu lini, nikamjibu. Wakawachukua wasichana wote wawili, mmoja analia, mdogo anauliza amekosea wapi. Wengine waliposikia walikuja mmoja mmoja, magari yamepangana mpaka barabara kuu. Leo vibanda vyote ni vitupu. Barua za kufuta sherehe nimezituma.

Rhoda


Kambi ya Menoskat
15 Julai 1974

Mwanangu Irwin,

Nakuandikia kwa uchungu. Kuna mtu hapa kambini alimficha mtoto bila ruhusa yangu, akaiga zoezi la babu yako, akamwacha huko mpaka jioni. Mimi mwenyewe niliingia majini kumtafuta. Nimemuuliza kila mtu. Nilitaka kumfukuza mpishi.

Ni Rhoda. Amekiri mwenyewe mbele yangu. Nimemuuliza kwa nini, anaangalia sakafu. Mimi nilikuwa nimekataza zoezi mwaka huu, tukapeana mikono, akanigeuka.

Nimemnyang'anya filimbi. Haruhusiwi kukaribia maji. Sijui alikopata moyo huo, hatukumlea hivyo. Njoo nyumbani uchukue kambi yako, kabla hajaimaliza.

Baba yako,
Emanuel


Tucson
22 Julai 1974

Rhoda,

Nimepata barua ya Baba. Nini hii? Umemwambia ni wewe? Nampigia simu kesho kumweleza ukweli. Hata kama umechoka, hata kama ulitaka kumpunguzia, huu ni wazimu. Huwezi kubeba kitu kama hiki mbele ya baba yako mzazi.

Irwin


Kambi ya Menoskat
30 Julai 1974

Irwin,

Nashukuru kwamba ulipiga na hukusema. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango.

Ukweli nilimwambia. Siku iliyofuata ile ya kengele nilimkalisha nikamweleza taratibu, kwamba ni yeye, kwamba ni ugonjwa, kwamba mtoto mzima. Alikunjamana kwenye kiti. Alishika kichwa akasema bora angezama yeye. Kesho yake asubuhi akaamka hana habari, ila hofu imebaki. Akaanza kuuliza kila mtu ni nani aliyemficha mtoto, analia, hali chakula. Nikamweleza tena. Akakunjamana tena, vilevile, kama ndiyo kwanza anaambiwa, akashika kichwa, akasema maneno yaleyale. Siku ya tatu alipoamka akiuliza, sikuweza. Siwezi kumuua mtu kila asubuhi. Nikasema ni mimi.

Nilidhani na hilo litafutika kufikia chakula cha mchana. Ndipo hesabu yangu ilipokosea. Jina la Mama limeondoka, habari ya mjukuu wake kaambiwa mara kumi na haamini, lakini hili limeganda. Anaamka nalo. Pengine hasira inashika kuliko huzuni, sijui, waulize wasomi wenzako.

Lakini anakula, na analala. Usiliguse.

Na kijitabu kimalize. Kila siku anauliza kama umeandika ya mtoto aliyefichwa, na umeandika ni nani. Anayoyasoma yamepigwa taipureta ndiyo anayoyaamini. Andika ni mimi.

Rhoda


Tucson
25 Agosti 1974

Dada yangu,

Nimefika salama. Lorraine anakusalimu.

Tangu nitoke huko sijapata usingizi wa maana. Si kwamba siku nyingine hakunijua, hilo nilijiandaa nalo. Ni ile jioni ya Ijumaa, mishumaa ya Sabato imewashwa, umekata mkate, yeye akakuonyesha kidole akasema aliyemficha mtoto hali meza moja na watu, na wewe ukachukua sahani yako ukaenda kula jikoni umesimama. Akanigeukia, akaniuliza, "Nimefanya sawa, mwanangu?" Nami nikasema ndiyo, Baba. Nikaendelea kula, Rhoda. Nilimaliza sahani.

Mistari miwili ilikuwa inatosha mwezi wa tano. Sina la kujitetea.

Kijitabu nimekiandika ulivyotaka. Miaka arobaini na tisa niliiandika kwa raha, na huu wa mwisho umenichukua wiki nzima. Nimeandika kwamba ni wewe na nimekitia kwenye bahasha hii. Kama una huruma, kichome.

Irwin


Kambi ya Menoskat
6 Oktoba 1974

Irwin,

Sikukichoma. Nilimpa. Anakisoma kando ya jiko kila siku, na kila siku anafika mwisho anatikisa kichwa, anasema Irwin kaandika kwa haki.

Huku baridi imeanza. Gati tumelivuta nchi kavu mimi na mume wa Bibi Thibodeau. Vibanda nimevifunga kwa misumari, panya wataniambia nilipoacha tundu. Kutoka Hartford nimepata kadi, Thea kaandika mwenyewe kwamba mwakani angependa kuja tena kama mama yake atakubali. Mama yake ameandika chini yake kwamba hatakubali, ila mtoto alisisitiza kadi itumwe. Nimeiweka mbali na Baba.

Anadhoofika miguu. Inavimba, kwa hiyo kila jioni namvua soksi namkanda kwa maji ya moto. Jana nilikuwa nimepiga magoti, mguu wake uko mapajani kwangu, akaniuliza mimi ni nani. Aliniuliza vizuri tu. Nikamwambia Rhoda.

Akafikiri. "Rhoda yule aliyemficha mtoto?"

Nikasema ndiyo, ndiye.

Akauvuta mguu wake, akaurudisha chini ya blanketi, akaniomba kwa adabu nimwitie mtu mwingine. Hakuna mtu mwingine hapa, Irwin. Nilitoka nikasimama ukumbini mpaka maji yalipokaribia kupoa. Kisha nikabisha hodi, nikaingia, nikamwambia mimi ni mtumishi mpya, Irwin ndiye aliyeniajiri.

Akafurahi. Akaninyooshea miguu.

Dada yako,
Rhoda